Namibia 1971, Ukuta 2004 au Palestina 2024: ushike maoni yapi ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki?

Anayeandika juu ya eneo linalokaliwa kwa mabavu, awe mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari au mtetezi wa haki za binadamu, haendi mbali kabla ya kuhitaji kauli ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Hapo ndipo wengi hupotea. Utakuta makala inanukuu maoni ya mwaka 2004 kuhusu ukuta wa Israel kuthibitisha kwamba uwepo wote wa Israel katika Ukingo wa Magharibi ni haramu, ilhali mwaka huo Mahakama haikuulizwa hilo wala haikulijibu. Utakuta nyingine inaegemea Namibia ya 1971 kana kwamba inafaa popote penye askari wa kigeni. Hoja iliyojengwa hivyo hubomolewa kwa swali moja tu la upande wa pili, na wanaoumia ni walewale uliotaka kuwatetea.

Niseme mapema ninavyochagua mimi. Ukibishania kama uwepo wenyewe wa dola inayokalia ni halali, shika maoni ya Julai 2024. Ukipinga tendo mahususi, kama shamba lililotwaliwa, ukuta uliojengwa au njia iliyofungwa, anza na 2004. Ukitaka kujua nchi nyingine zina wajibu gani, soma 1971 na 2024 bega kwa bega, maana yanafika karibu mahali pamoja kwa njia mbili tofauti. Na kama shida yako ni chakula, dawa na misaada, yapo maoni ya Oktoba 2025 ambayo bado wengi hawajayazoea. Sababu zangu ni hizi.

Kabla ya kulinganisha

Maoni ya ushauri si hukumu. Nchi haiwezi kuyaomba yenyewe. Ibara ya 96 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa inalipa Baraza Kuu na Baraza la Usalama haki ya kuuliza swali lolote la kisheria, na vyombo vingine vikiruhusiwa huuliza yanayohusu kazi zao tu. Jibu hupewa chombo kilichouliza. Halimfungi mtu kama hukumu inavyowafunga wadaawa, lakini sheria inayotajwa ndani yake, kwa mfano katazo la kutwaa ardhi kwa nguvu, ilikuwa inazifunga nchi zote hata kabla swali halijaulizwa. Kwa hiyo anayekuambia "ni ushauri tu" amesema nusu ya ukweli.

Pingamizi utakalolikuta katika karibu kila shauri la aina hii ni la ridhaa: nchi inayolalamikiwa husema huu ni mgogoro wake na mwenzake, na haijakubali Mahakama iuamue. Hutaja kesi ya Karelia Mashariki ya 1923, pale Mahakama ya Kudumu iliyoitangulia hii ilipokataa kujibu kwa sababu Urusi haikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, na haikuridhia. Tangu Mahakama ya sasa ianze kazi haijawahi hata mara moja kutumia hiari yake kukataa kujibu. Mwaka 1996 ilikataa swali la Shirika la Afya Duniani kuhusu silaha za nyuklia, lakini sababu ilikuwa kwamba swali lenyewe lilikuwa nje ya kazi za shirika hilo. Usipoteze kurasa nyingi kwenye pingamizi hili.

Uwepo wenyewe: Namibia 1971 na Palestina 2024

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko mingine yote, na ndio unaoharibiwa mara nyingi zaidi.

Afrika Kusini ilikabidhiwa Afrika Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, kama dhamana ya Shirikisho la Mataifa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1966 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 2145 na kuifuta dhamana hiyo. Mwaka 1970 Baraza la Usalama, katika azimio namba 276, likatangaza kwamba kuendelea kuwepo kwa Afrika Kusini ni haramu. Afrika Kusini haikuondoka. Ndipo Baraza la Usalama likaiuliza Mahakama: kwa kuwa hali ni hiyo, nchi nyingine zina wajibu gani? Jibu lilitolewa tarehe 21 Juni 1971, na mpaka leo ndilo swali pekee la ushauri ambalo Baraza la Usalama limewahi kulipeleka The Hague.

Ona mpangilio huo. Uharamu haukutokana na jinsi jeshi lilivyotenda siku hadi siku. Ulitokana na hati ya utawala kufutwa. Mpangaji aliyevunjiwa mkataba akakatalia ndani ya nyumba huwa mvamizi hata kama analaza sakafu ikiwa safi kila usiku. Ndiyo maana Mahakama haikutaka kusikiliza ushahidi wa Afrika Kusini kwamba sera yake ya kutenganisha watu ilikuwa kwa faida ya wenyeji. Ilisema ubaguzi wa namna hiyo ni ukiukaji wa wazi wa malengo ya Katiba ya Umoja wa Mataifa, na nia ya mtendaji haibadilishi chochote. Ilikataa pia pendekezo la kupigisha wenyeji kura ya maoni chini ya uangalizi wa pamoja.

Palestina haina hati ya utawala ya kufutwa. Israel iliingia Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na Gaza katika vita vya Juni 1967, na hakuna azimio la Baraza la Usalama la kufanana na namba 276. Baraza Kuu liliuliza swali lake kwa azimio namba 77/247 la tarehe 30 Desemba 2022, lililopita kwa kura 87 dhidi ya 26 huku nchi 53 zikijizuia. Mahakama ililazimika kuufikia uharamu kwa njia yake yenyewe, na njia hiyo ndiyo upya wa maoni ya tarehe 19 Julai 2024.

Ilianza na kanuni kwamba kulikalia eneo ni hali ya muda, inayotokana na mahitaji ya kijeshi, na haihamishi mamlaka ya nchi. Kisha ikasema jambo ambalo watetezi wengi wa Wapalestina hawakulipenda, nalo ni la kweli: urefu wa muda peke yake haugeuzi ukaliaji kuwa haramu. Miaka hamsini na zaidi inatia shaka, lakini haitoshi yenyewe. Kinachotosha ni namna nafasi hiyo inavyotumika. Mahakama ilipekua makazi ya walowezi, utwaaji wa ardhi, matumizi ya maji na maliasili nyingine, sheria za Israel zilizopelekwa katika eneo hilo, ubomoaji wa nyumba na kuhamishwa kwa watu. Ikaona kwamba yote kwa pamoja yanalenga kumiliki daima, yaani kunyakua. Unyakuzi huo unavunja katazo la kutwaa ardhi kwa nguvu, na unawanyima Wapalestina haki ya kujitawala, ambayo katika hali ya ukaliaji Mahakama iliihesabu miongoni mwa kanuni zisizoruhusu mkataba wala kisingizio chochote kuzipunguza. Kuitumia vibaya nafasi ya ukaliaji kwa namna hiyo, tena kwa mfululizo, ndiko kulikoufanya uwepo wenyewe kuwa haramu.

Basi tofauti ni hii. Namibia inakufaa pale ambapo mtawala alikuwa na hati, hati ikaisha, akabaki. Palestina 2024 inakufaa pale ambapo mtawala aliingia kwa vita na sasa anaonekana kutaka kubaki milele. Ukichukua Namibia ukaibandika kwenye eneo lililotekwa vitani, mpinzani atakuuliza: dhamana gani ilifutwa, na azimio gani la Baraza la Usalama unalisimamia? Hutakuwa na jibu. Kwa upande mwingine, ukitumia 2024 sharti ulete ushahidi wa unyakuzi. Neno "ukaliaji" peke yake halibebi mzigo huo.

Sentensi moja ya 1971 inafaa kila mahali. Mahakama ilisema kwamba wajibu wa nchi kwa matendo yanayowagusa wengine unasimama juu ya udhibiti halisi wa eneo, si juu ya uhalali wa umiliki. Dola inayokalia haiwezi kujivua wajibu kwa kusema "hapa si pangu", na haiwezi kujipatia haki kwa kusema "hapa ni pangu". Mtu akiniuliza anukuu nini kutoka 1971, hiyo ndiyo ninayomtajia kwanza.

Nani anahesabika kuwa anakalia

Hapa maoni ya ushauri hayatoshi, na lazima uazime kutoka kwenye hukumu: Kongo dhidi ya Uganda, tarehe 19 Desemba 2005.

Kanuni za The Hague za 1907, kifungu cha 42, zinasema eneo linakaliwa pale linapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Katika kesi ya Kongo, Mahakama ilitaka uthibitisho kwamba majeshi ya Uganda hayakuwa yamepiga kambi tu bali yaliiondoa mamlaka ya serikali na kuweka yao. Uthibitisho huo iliuona Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Jenerali Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, alimteua Adèle Lotsove mwezi Juni 1999 kuwa gavana wa jimbo jipya la Kibali-Ituri. Mgeni mwenye bunduki anapomteua gavana, hahitaji kuweka bango la utawala wa kijeshi mlangoni. Mahakama ilisema waziwazi kwamba haijalishi kama ulikuwepo utawala wa kijeshi uliopangwa rasmi au la. Kwa sehemu nyingine ambazo waasi ndio waliokuwa wakizitawala, haikuridhika kwamba Uganda ilizikalia.

Linganisha na Gaza katika maoni ya 2024. Israel iliondoa askari na walowezi wake mwaka 2005, ikasema hapo haikalii tena. Mahakama haikutafuta gavana wala kambi. Ilitazama nani anashika mipaka ya nchi kavu, bahari na anga, nani anaamua watu na bidhaa ziingie au zitoke, nani anakusanya kodi za bidhaa zinazoingia, nani ana nguvu za kijeshi katika ukanda wa mpakani. Ikasema Israel ilibaki na wajibu wa kisheria kwa kiwango kinacholingana na udhibiti iliobaki nao.

Kwa hiyo eneo lako likiwa na askari na maofisa wa kigeni barabarani, Ituri ndiyo mfano wako, tena ni hukumu yenye nguvu ya kufunga. Likiwa limezingirwa kwa nje huku ndani wanaonekana wenyeji tu, nenda 2024. Lakini chunga: kauli kuhusu Gaza inasema wajibu unalingana na udhibiti. Haisemi kwamba wajibu wote wa Mkataba wa Nne wa Geneva, unaowalinda raia wakati wa vita na ukaliaji, ulibaki vilevile bila kupungua.

Matendo: Ukuta 2004 na Palestina 2024

Maoni ya tarehe 9 Julai 2004 yaliombwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 2003 kuhusu ukuta ambao Israel ilikuwa inaujenga ndani ya Ukingo wa Magharibi na kuzunguka Jerusalem Mashariki. Swali ni jembamba, na wembamba huo ndio nguvu yake. Mahakama iliifuata njia ya ukuta na kuonyesha jinsi unavyokwenda kwa kuyakumbatia makazi ya walowezi.

Soma sehemu ya Qalqilya. Wakati huo mji huo wa watu wapatao 40,000 ulikuwa umezungukwa kabisa na ukuta, na njia ya kuingia na kutoka ilikuwa moja tu, kizuizi cha kijeshi kilichofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Fikiria mama aliyeshikwa na uchungu saa tano usiku. Fikiria mkulima ambaye shamba lake limebaki upande wa pili, na ambaye sasa anahitaji kibali kwenda kuchuma matunda ya miti aliyoipanda mwenyewe. Mahakama iliupima ukuta kwa maisha ya namna hiyo: uhuru wa kwenda na kurudi, kazi, afya, elimu, maisha ya kuridhisha. Hayo ndiyo yanayoyafanya maoni ya 2004 yawe na faida kwa mtetezi wa mtu mmoja mmoja.

Kisheria yanakupa vitu vitatu unavyoweza kuvitumia mahali popote duniani. Kwanza, Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unatumika katika eneo lililotekwa hata kama mamlaka ya nchi juu yake ilikuwa na utata kabla ya vita. Israel ilidai kwamba kwa kuwa Jordan haikuwa mmiliki halali wa Ukingo wa Magharibi, mkataba haugusi. Mahakama ikakataa: mkataba unawalinda watu, hauulizi nani alikuwa na hati. Pili, sheria ya haki za binadamu haizimwi na vita. Inaendelea kutumika sambamba na sheria ya kivita, na inamfuata mtawala nje ya mipaka yake. Tatu, makazi ya walowezi yanavunja kifungu cha 49 cha mkataba huo, kinachomkataza anayekalia kuhamishia sehemu ya raia wake katika eneo hilo.

Udhaifu upo, na usiufiche. Aya kuhusu kujilinda ni fupi mno. Mahakama ilisema kwamba haki ya kujilinda katika ibara ya 51 inahusu shambulio la nchi dhidi ya nchi, na kwamba tishio lililotajwa lilitoka ndani ya eneo ambalo Israel yenyewe inalidhibiti. Jaji Rosalyn Higgins wa Uingereza aliliunga mkono hitimisho lakini akaikosoa hoja hiyo, na si yeye peke yake. Ukijenga kesi yako juu ya aya hiyo utakuwa umejenga penye udongo laini. Jenga juu ya vifungu vya mali na makazi, ambavyo havikutikisika.

Maoni ya 2024 yanayabeba yote hayo na kuyapanua. Yanagusa ghasia za walowezi na kushindwa kwa dola kuzizuia, maji, upangaji miji, ubomoaji wa nyumba kama adhabu. Yanaagiza si kuacha kujenga tu bali kuondoa walowezi wote, kurudisha ardhi na mali zisizohamishika zilizotwaliwa tangu 1967, na kuwaruhusu waliohamishwa warudi. Kwa tendo moja, hata hivyo, bado napendekeza 2004 iwe mwanzo. Yanaonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kupima kizuizi kimoja dhidi ya haki moja. Ya 2024 yanaangalia sera nzima, na mteja wako mwenye shamba moja anaweza kupotea ndani yake.

Kuna sehemu moja ya 2024 inayonukuliwa vibaya kila siku. Mahakama ilisema sheria na hatua za Israel zinavunja kifungu cha 3 cha mkataba wa kupinga ubaguzi wa rangi, kifungu kinachotaja utenganishaji wa watu kwa rangi na ubaguzi wa aina ya apatheidi kwa pamoja. Maoni yenyewe hayakuchagua lipi kati ya mawili. Majaji waligawanyika juu ya jambo hilo katika maelezo yao binafsi. Ukiandika kwamba Mahakama ilitamka apatheidi, umeiwekea maneno mdomoni. Andika kifungu kilivyo, kina uzito wa kutosha.

Nchi nyingine zifanye nini

Mwaka 1971 Mahakama ilizitaka nchi zisiingie mikataba na Afrika Kusini pale inapojifanya kuiwakilisha Namibia, zisipeleke mabalozi wala wajumbe huko, na zisifanye biashara itakayoutia mizizi utawala haramu. Mwaka 2024 utakuta karibu orodha ileile: zitofautishe kati ya Israel na eneo inalolikalia, zizuie biashara na uwekezaji unaosaidia kuidumisha hali hiyo, zisiitambue wala zisiisaidie.

Msingi ndio unaotofautiana. Namibia inaegemea sana maamuzi ya Baraza la Usalama, ambayo Mahakama ilisema yanazifunga nchi wanachama kwa ibara ya 25 ya Katiba ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2004 na 2024 msingi ni wajibu ambao kila nchi inawiwa na jumuiya nzima ya kimataifa, kama kuheshimu haki ya watu kujitawala. Kwa maeneo mengi ya leo, ambako kura ya turufu imelifunga mdomo Baraza la Usalama, msingi wa pili ndio pekee unaopatikana.

Lakini kuna kitu 1971 inacho ambacho sijakiona kikielezwa vizuri hivyo kwingine, na kwa mtu wa kawaida ndicho chenye thamani zaidi. Mahakama ilisema kutoutambua utawala haramu kusiwanyime wananchi faida za ushirikiano wa kimataifa. Ikatoa mfano wa uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa. Mtoto aliyezaliwa Windhoek mwaka 1972 na kupewa cheti na karani wa Afrika Kusini hakupaswa kuambiwa nje ya nchi kwamba hajazaliwa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliichukua kanuni hiyo kwa Cyprus ya Kaskazini. Mtu yeyote anayeandika sera ya kutotambua, iwe ya serikali, chuo au benki, aiweke aya ya 125 ya maoni ya 1971 mezani kabla hajaandika neno la kwanza.

Sahara Magharibi na Chagos, kwa haraka

Maoni ya tarehe 16 Oktoba 1975 kuhusu Sahara Magharibi si maoni ya sheria ya ukaliaji. Uhispania ilikuwa bado ipo huko kama mkoloni, na swali lilikuwa kama eneo hilo halikuwa na mwenyewe ilipolitwaa, na kama lilikuwa na uhusiano na Morocco au Mauritania. Mahakama iliona uhusiano fulani wa utii kati ya Sultani wa Morocco na baadhi ya makabila, lakini hakuna umiliki wa ardhi unaoweza kuizuia haki ya wenyeji kujitawala. Siku hiyohiyo Mfalme Hassan II wa Morocco alitangaza Matembezi ya Kijani ya kulidai eneo hilo, na tarehe 6 Novemba umati wa Wamorocco ukavuka mpaka kuliingia. Yatumie kwa haki ya kujitawala. Kwa ukaliaji wa Sahara tafuta kwingine.

Maoni kuhusu Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi, ya tarehe 25 Februari 2019, ni ndugu yake: ni suala la ukoloni ambao haukukamilika kuondolewa, kwa kuwa Uingereza ilivimega visiwa hivyo kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru. Hakuna Mkataba wa Nne wa Geneva humo. Faida yake ni kauli kwamba utawala haramu ukomeshwe haraka iwezekanavyo, maneno yaliyorudi mwaka 2024, na kuonyesha kwamba maoni ya ushauri huweza kuisogeza dola kubwa. Mwezi Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka juu ya visiwa hivyo.

Misaada: Oktoba 2025

Maoni ya 2024 hayakuingiza yaliyotokea Gaza baada ya tarehe 7 Oktoba 2023. Kwa njaa na misaada, chukua maoni ya tarehe 22 Oktoba 2025. Baraza Kuu liliyaomba Desemba 2024, baada ya bunge la Israel kupitisha sheria za kuifungia njia UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina.

Mahakama ilisema anayekalia ana wajibu wa kuhakikisha watu wanapata chakula, maji, makazi, mafuta na dawa, na kwamba wakipungukiwa lazima akubali misaada na kuisaidia ifike, ikiwemo ya UNRWA. Huo ni wajibu wa kifungu cha 59 cha Mkataba wa Nne, wala si fadhila. Ilikumbusha pia kwamba kutumia njaa kama silaha ya vita ni marufuku. Na kuhusu Gaza, ilisema wajibu wa Israel umeongezeka kadiri udhibiti wake ulivyoongezeka, mwendelezo wa moja kwa moja wa kipimo cha 2024. Mfanyakazi wa misaada aliyezuiliwa malori yake mpakani asihangaike na mjadala wa uharamu wa uwepo. Kifungu cha 59 hakisubiri mjadala huo uishe.

Fidia na kura

Kama mteja wako anataka pesa, maoni ya ushauri yana mipaka. Ya 2004 yalizaa rejesta ya Umoja wa Mataifa ya kuandikisha hasara zilizoletwa na ukuta, lakini rejesta hailipi. Kongo, kwa kuwa ilikuwa na hukumu, ilipata amri ya tarehe 9 Februari 2022: Uganda ilipe dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Njia ya kupata hukumu inataka ridhaa ya pande zote mbili, na mwaka 2006 Kongo ilishindwa kuipata dhidi ya Rwanda.

Mwisho, angalia kura kabla ya kuchagua, maana mpinzani ataziangalia. Namibia: 13 kwa 2 juu ya uharamu, huku Fitzmaurice wa Uingereza na Gros wa Ufaransa wakipinga. Ukuta: 14 kwa 1, Buergenthal wa Marekani peke yake. Palestina 2024: 11 kwa 4 kwamba uwepo ni haramu, wakipinga Tomka, Abraham, Aurescu na Sebutinde. Ukiona hiyo 11 kwa 4 usikimbilie kuificha. Shuka kwenye kipengele cha makazi ya walowezi: hapo kura ni 14 kwa 1. Tomka, Abraham na Aurescu, walioikataa hoja ya uwepo, walikubali kwamba makazi hayo ni haramu na lazima yakome. Hoja yako kuhusu shamba lililotwaliwa inaungwa mkono hata na majaji ambao mpinzani wako atawanukuu.